Inawaka, Inatembea, Inainua, Inalima: Maneno na Mahesabu ya Kununua Trekta Lililotumika

Katika Kiswahili tunachozungumza Kamina, trekta linalouzwa husifiwa kwa vitenzi vinne: inawaka, inatembea, inainua, inalima. Msemaji wa Kiswahili sanifu angependelea linawaka na linalima, lakini upatanisho wa ngeli haujawahi kumfilisi mnunuzi. Kinachomfilisi ni umbali uliopo kati ya kitenzi cha kwanza na cha nne. Trekta linalowaka tu na trekta linalolima ni mali mbili zenye bei mbili, na asiyesikiliza vizuri anaweza kulipa bei ya mali ya pili akapelekewa ya kwanza.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua mahali pa kununua trekta la shamba lililokwisha kutumika, na namna ya kulinunua. Sikulichagua suala hili kwa ajili ya mazoezi ya darasani. Mama yangu ni mmoja wa wanachama wa kikundi cha familia 18 zinazolima pembeni mwa Base ya Kamina. Base hiyo ilijengwa na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ili iwe kambi ya jeshi na uwanja wa ndege. Haikujengwa kwa ajili ya mahindi. Hata hivyo familia nyingi za pale zinaishi kwa mahindi, mihogo na karanga, na zinalima kwa jembe la mkono. Kikundi kimeweka akiba kwa misimu mitatu. Fedha zile zikipotea, hakuna msimu wa nne wa kuzirudisha haraka, kwa sababu ndani yake kuna ada za shule na fedha za matibabu ambazo watu walikubali kuziahirisha.

Mimi nimetwikwa kazi ya mazungumzo. Kwetu, mtoto anayesoma lugha ndiye anayetumwa kwa watu wa mbali: Kifaransa kwa wauzaji wa Lubumbashi, Kiingereza kwa wa Zambia, Kiswahili cha upande wa pili kwa wa Dar es Salaam. Mambo ya injini ninayoyaeleza hapa nimeyapata kwa kukaa na mafundi na kuwauliza, na kila palipokuwa na shaka nimemfuata fundi, si kamusi.

Hesabu ya shamba kabla ya hesabu ya bei

Wengi huanza kwa kuuliza bei. Kikundi chetu kilianza hivyo pia, hadi fundi mmoja alipouliza: "Mnalima hekta ngapi, na kwa siku ngapi?" Jibu la swali hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu kingine.

Tuchukue kila familia kuwa na hekta 3. Jumla ni hekta 54. Plau la sahani tatu hukata upana wa takriban sentimita 90. Trekta likienda kilomita 5 kwa saa, kwa hesabu tupu litalima mita za mraba 4,500 kwa saa, yaani hekta 0.45. Ondoa muda wa kugeuza mwishoni mwa shamba, wa kutoa mizizi iliyonasa na wa kujaza mazutu. Inabaki kama theluthi moja ya hekta kwa saa. Hekta moja basi inataka saa 3, na hekta 54 zinataka saa 162. Kwa siku ya kazi ya saa 8, hizo ni siku 20 na kidogo.

Siku hizo 20 haziwezi kuwekwa popote katika mwaka. Udongo uliokauka haulimiki vizuri kabla ya mvua za kwanza, ambazo kwetu kwa kawaida huanza kuja Oktoba, na mahindi yanayochelewa kupandwa hutoa mavuno haba. Sasa tuseme trekta limeharibika katikati ya kazi na kipuri kinasubiriwa kwa siku 14. Saa 112 zimepotea, yaani hekta 37 kati ya 54. Hakuna punguzo la bei linaloweza kulipa hasara hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu mahali pa kununua haliwi "wapi ni rahisi?" bali "kipuri kitatoka wapi, na kitafika Kamina baada ya siku ngapi?"

Hesabu hiyohiyo inatupa ukubwa wa trekta. Plau la sahani tatu linahitaji trekta la nguvu za farasi kati ya 65 na 80 hivi. Kwa nini sahani? Kwa sababu ardhi yetu ina visiki na mizizi ya miti ya porini. Sahani inapokutana na mzizi huupanda na kuuvuka, wakati plau la jembe la kawaida hunasa na kupinda. Kwa kundi hilo la nguvu, majina yanayotajwa sana na mafundi ni Massey Ferguson 275 na 290, pamoja na Ford za rika hilo. Massey Ferguson 240, yenye nguvu za farasi karibu 50, ni mashine nzuri inayokunywa mazutu kidogo, lakini itavuta sahani mbili, na siku 20 zitakuwa 30.

Mahali pane

Baada ya hesabu hiyo tuliyapanga masoko manne.

La kwanza ni Kamina yenyewe na maeneo ya jirani. Faida yake ni kwamba historia ya mashine inajulikana: nani aliliendesha, lilisimama mwaka gani, fundi gani alifungua injini. Hatari yake ni umiliki. Mkoa wa Haut-Lomami una kituo kikubwa cha kilimo cha Service National huko Kaniama-Kasese, na kwa miaka mingi miradi mbalimbali imekuja na mashine zake, kwa hiyo trekta la serikali au la mradi si kitu kigeni machoni petu. Trekta la namna hiyo haliuzwi na dereva wake, wala na mlinzi wa ghala, wala na mtu anayesema mradi "umekwisha". Tena, mashine iliyoingizwa nchini kwa msamaha wa ushuru kwa ajili ya mradi fulani ina deni la forodha linaloweza kuamka siku inapobadilisha mwenyewe.

La pili ni Lubumbashi. Hapo kuna matrekta yanayotoka katika mashamba ya pembeni mwa mji na kwa wakandarasi, na muhimu zaidi, kuna maduka ya vipuri na mafundi. Kutoka Lubumbashi hadi Kamina ni karibu kilomita 600 kwa reli ya SNCC. Treni ina ratiba yake na ina subira yake. Barabara nayo, msimu wa mvua, kila msomaji wa mkoa huu anaijua. Lakini pampu ya dizeli au kifaa cha klachi kinaweza kusafiri kama mzigo wa abiria, na mtu unayemjua anaweza kukipokea stesheni.

La tatu ni Zambia. Wakulima wakubwa wa Mkushi na Chisamba hubadilisha mashine, na za zamani huuzwa na wao wenyewe au katika minada ya Lusaka. Mara nyingi matrekta hayo yalitunzwa vizuri na yana daftari la matengenezo. Ila bei ya Lusaka si bei ya Kamina. Kuna usafiri hadi Kasumbalesa, kuna forodha ya DGDA, kuna ukaguzi wa OCC, kuna wakala wa forodha, halafu zinaanza zile kilomita 600. Sheria namba 11/022 ya tarehe 24 Desemba 2011 kuhusu misingi ya kilimo inazungumzia msamaha wa ushuru kwa pembejeo za kilimo, lakini kati ya kifungu cha sheria na dirisha la mpakani kuna karatasi za kuombwa mapema. Asiyeziomba kabla mashine haijafika mpakani aandae fedha za kulipa.

La nne ni soko la picha: Japani, Ulaya, Dar es Salaam, kupitia simu. Matrekta madogo ya Kijapani ya Kubota, Yanmar na Iseki ni mazuri, lakini mengi yalitengenezwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga ya huko, yana nguvu ndogo kuliko tunayohitaji, na baadhi ya modeli hazikuuzwa rasmi nje ya Japani, hivyo vipuri vyake ni vya kutafuta. Maandishi ya usukani na levya ni ya Kijapani. Kinachosomeka kwa kila mtu ni picha ya sungura kwenye upande wa mwendo wa kasi na picha ya kobe kwenye upande wa polepole, nayo haikuhitaji mkalimani kwa watu waliokua na hadithi za wanyama hao. Tanzania nako kuna fundisho. Mwaka 2015 ilitiwa saini mipango ya kuunganisha matrekta ya Ursus ya Poland huko Kibaha. Miaka michache baadaye kampuni mama ikaingia katika ufilisi. Trekta halifi siku mtengenezaji wake anapofilisika, lakini anayelinunua mkononi mwa mtu baada ya hapo lazima aulize kwanza nani bado ana vipuri.

Kwa mfano wa hesabu tu, na si bei za soko: trekta la dola 6,000 huko Lusaka, ukiongeza dola 900 za kulifikisha Lubumbashi na dola 1,200 za mpakani na wakala, limekuwa la dola 8,100. Trekta la dola 8,000 lililoko Lubumbashi limekuwa rahisi kuliko hilo, na fundi alikwisha kulitazama bila pasipoti.

"Papa, nauliza kama inalima"

Sasa nirudi kwenye vitenzi. Nimeandika hapa mazungumzo ya simu na muuzaji mmoja, kwa ruhusa yake na bila jina lake, kwa Kiswahili chetu kilivyosemwa:

— Papa, mutusaidie, ile trakteri iko namna gani?
— Mwana, iko muzima kabisa.
— Inalima?
— Inawaka mara moja, hata asubuhi ya baridi.
— Ndiyo papa, nauliza kama inalima.
— Pine zake za nyuma ni mupya, mwanangu. Utakuja kuona.

Hakuna uongo hata mmoja katika mazungumzo haya. Tulipofika, injini iliwaka mara moja na matairi ya nyuma yalikuwa mapya kweli. Haidroliki ilikuwa imekufa: mikono ya nyuma haikuweza kuinua plau.

Wenzangu wa pragmatiki wataitambua hali hii. Paul Grice, katika makala yake ya mwaka 1975 kuhusu mantiki na mazungumzo, alieleza kwamba msikilizaji hutarajia msemaji atoe taarifa ya kutosha, isiyopungua mahitaji ya mazungumzo. Kutokana na tarajio hilo tunapata maana dokezi: mtu akisema "baadhi ya wanafunzi walifaulu", tunaelewa kwamba si wote. Vitenzi vyetu vinne vinaunda ngazi ya namna hiyo. Trekta linalolima ni lazima linainua. Linaloinua kwa kawaida linatembea. Linalotembea ni lazima linawaka. Kurudi nyuma hakuna uhakika. Muuzaji anataka kuuza, kwa hiyo kama si mwongo atapanda hadi kipago cha juu kabisa anachoweza kukisimamia. Akisimama kwenye "inawaka", amekuambia hali ya vipago vitatu vilivyobaki.

Njeo nayo ina neno. Inalima kwa Kiswahili chetu inaweza kuwa sifa ya kudumu, hata kama plau liliguswa mara ya mwisho miaka miwili iliyopita. Kwa tendo linaloendelea tunasema iko nalima. Kikundi chetu kimejifunza kuuliza kwa umbo la pili: siku tutakayokuja, tuikute iko nalima. Swali la kwanza linajibiwa kwa mdomo, la pili linajibiwa shambani.

Majina ya bidhaa yenyewe pia yanafundisha. Kongo tunaita kitu kilichotumika okazio, kutoka Kifaransa, ambako neno hilo lina maana ya fursa na pia ya kitu cha mkono wa pili. Tanzania husema mtumba, neno la furushi lililofungwa. Neno moja linamsukuma mnunuzi aharakishe kabla bahati haijapita. Jingine linamkumbusha kwamba hajaona kilichomo ndani. Kwa trekta ningeshauri tuazime neno la Watanzania.

Na hata tunapozungumza Kiswahili kwa Kiswahili, mpaka upo. Nilimwandikia muuzaji wa Dar es Salaam kuuliza kama piesi zinapatikana. Alinijibu kwa upole: "Ndugu, unataka trekta zima au unataka vipande?" Yeye husema spea. Yeye ana klachi, sisi tuna ambreyaji. Yeye ana dizeli, sisi tuna mazutu. Yeye ana tairi, sisi tuna pine. Kila jozi ni rahisi kuieleza ukikaa na mtu ana kwa ana. Kwenye ujumbe mfupi wa simu kuhusu maelfu ya dola, kila jozi ni mahali pa kupotezana.

Mofolojia ya chuma

Kuna maandishi yasiyosemwa na muuzaji, yaliyogongwa kwenye mashine yenyewe. Wanafunzi wa mofolojia tuna faida hapa, kwa sababu tumezoea kukata neno refu vipandevipande.

Matrekta mengi ya Massey Ferguson ya kundi tunalolitafuta yana injini za Perkins. Tangu mwaka 1974 namba ya injini ya Perkins imejengwa kama kitenzi cha Kibantu, kila mofimu na nafasi yake. Mwanzoni kuna herufi mbili za aina ya injini. Zinafuata tarakimu tano za orodha ya vipuri. Kisha herufi moja ya nchi ilikotengenezwa, U ikiwa Uingereza. Baada yake kuna namba ya mfuatano, na mwishoni herufi ya mwaka, ambapo A ni 1974 na herufi zinazofuata husonga mbele mwaka kwa mwaka. Ukiipiga picha namba hiyo unaweza kuagiza kipuri sahihi bila kubahatisha. Namba iliyosagwa au isiyolingana na karatasi inataka maelezo kabla ya kuzungumza bei.

Matairi yana jozi mlinganuo finyu. Tairi lililoandikwa 16.9-30 lina upana wa inchi 16.9 na rimu ya inchi 30, na kile kistari kinaonyesha muundo wa zamani wa nyuzi za mshazari. Likiandikwa 16.9R30, vipimo ni vilevile, lakini R inaonyesha tairi la radiali. Alama moja tu imebadilika, na bei imebadilika pia. Kuweka la aina hii kushoto na la aina ile kulia kwenye ekseli moja si jambo la kufanya. Kwa kuwa matairi ya nyuma ni miongoni mwa vitu ghali kabisa kwenye trekta kuukuu, soma pande zote mbili.

Mita ya saa nayo haisomwi kama saa ya ukutani. Kwenye matrekta mengi ya zamani inaendeshwa na mzunguko wa injini, na huhesabu saa kamili pale tu injini inapozunguka kwa kasi iliyopangwa; ikinguruma polepole, saa ya mita ni ndefu kuliko saa ya mkononi. Tena mita hufa, hubadilishwa, hurudi sifuri. Mafundi hutazama pedali, kiti, usukani na matundu ya mikono ya kuinulia. Pedali iliyosuguliwa hadi imekuwa laini kama kokoto ya mtoni haiafikiani na mita inayosema saa 900.

Kila kitenzi na jaribio lake

Kutokana na hayo tumegeuza ngazi ya vitenzi kuwa ngazi ya majaribio.

Inawaka: gusa injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, mtu ameiamsha kabla hujafika. Kaa kivulini usubiri ipoe. Ikiwaka, tazama moshi. Mweusi unaodumu unaonyesha mafuta mengi kuliko hewa, pengine kichujio cha hewa kilichoziba. Wa bluu unaonyesha injini inakunywa oili. Mweupe usiokwisha baada ya injini kupata moto unaonyesha dizeli isiyoungua au maji yanayoingia pasipotakiwa. Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma: moshi ukisukuma kwa nguvu kama sufuria inayochemka, pete za pistoni zimechoka. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji ndani yake.

Inatembea: pita gia zote, moja baada ya nyingine, ukiwa na mzigo ikiwezekana. Gia inayoruka yenyewe ni matengenezo ya ndani, tena ya gharama. Jaribu breki ya kushoto na ya kulia kila moja peke yake, kwa kuwa shambani ndizo zinazosaidia kukata kona. Inua ekseli ya mbele kwa jeki na utikise magurudumu kwa mikono.

Inainua: funga plau, liinue hadi juu, kisha zima injini na utazame. Likishuka polepole sana, unaweza kuishi nalo. Likianguka ndani ya dakika chache, mafuta yanavuja ndani. Washa pia shafti ya nyuma inayoendesha mashine nyingine, kwa kuwa kikundi kinataka siku moja kupukuchua mahindi kwa nguvu hiyo. Kasi yake ya kawaida ni mizunguko 540 kwa dakika.

Inalima: saa moja nzima, kwenye udongo, na dereva wetu juu ya kiti. Injini inayopata joto kupita kiasi na klachi inayoteleza hazijifichi saa nzima. Muuzaji akikataa jaribio hili, amejibu.

Vivumishi havitiwi saini

Jambo la mwisho ni mkataba. Rasimu ya kwanza tuliyoletewa na muuzaji mwingine ilikuwa na sentensi moja ya Kifaransa yenye maana kwamba trekta linauzwa likiwa katika hali nzuri na mnunuzi ameliona. Neno "nzuri" haliwezi kupelekwa mbele ya hakimu na kupimwa. Tuliliondoa, tukaweka mahali pake orodha ya mambo yanayoonekana: namba ya chasi, namba ya injini, vipimo vya matairi manne, jaribio la kuinua, jaribio la saa moja, vitu vinavyouzwa pamoja na trekta, tarehe na mahali. Tuliambatisha nakala ya ankara ya muuzaji alipolinunua na karatasi za forodha. Malipo yamegawanywa mara mbili: sehemu ya kwanza siku ya kutia saini, iliyobaki baada ya jaribio la kulima, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili.

Mkataba umeandikwa kwa Kifaransa kwa sababu ofisi zitausoma kwa Kifaransa. Lakini wenye fedha ni watu 18, na wengi wao wanafikiri kwa Kiluba na kufanya biashara kwa Kiswahili. Kwa hiyo kuna nakala ya Kiswahili, imesomwa kwa sauti na kuelezwa kwa Kiluba kabla ya mtu yeyote kutia kidole, na kuna kifungu kinachosema nakala ipi itatumika endapo zitapingana. Mama mmoja mzee alinisimamisha kwenye neno "dhamana". Aliuliza: "Hiyo ni kwamba atarudisha pesa, ao atatengeneza?" Rasimu haikusema. Sasa inasema atatengeneza kwa gharama yake ndani ya siku 30, na asipotengeneza atarudisha. Swali lake ndilo lililoboresha mkataba kuliko masahihisho yangu yote.

Kikundi kimekubaliana hivi: Lubumbashi kwanza, Zambia ikiwa tu wawili kati yetu watakwenda na fundi na karatasi za forodha zimeombwa mapema, picha za simu hapana. Sehemu ya akiba, moja kwa kila tano, haitaguswa kununua trekta. Ni ya vichujio, oili, betri na kipuri cha kwanza kitakachovunjika.

Kwa wenzangu wa kitivo nina ombi. Orodha ya istilahi za trekta ninayoikusanya kwa safu nne, yaani Kiluba, Kiswahili cha Katanga, Kiswahili sanifu na Kifaransa, ina maneno 86 mpaka sasa, na safu ya Kiluba ina mapengo mengi. Anayetoka Malemba-Nkulu, Bukama, Kabongo au Kaniama, na ana mjomba aliyewahi kuendesha au kutengeneza mashine, amuulize anaitaje klachi, ekseli na ile mikono ya nyuma ya kuinulia. Orodha iko kwenye meza ya maktaba ya idara, na kalamu imefungwa kwa uzi pembeni yake. Safari ya Lubumbashi ni mwezi wa nane, na ningependa kwenda nayo ikiwa imejaa.